Sikio Haliruki Ukurasa

Jumamosi moja shangazi yangu alitukuta sebuleni, watu sita tumeizunguka spika moja ndogo, tumenyamaza kama walio matangani. Ndani ya spika mwanamume alikuwa akisoma kwa sauti ya taratibu jinsi mwanamke mmoja alivyofungwa na kuumizwa. Shangazi alisimama mlangoni dakika mbili hivi, akasikia, akavua miwani.

“Mwanangu, watu wazima na akili zenu mnakaa kusimuliwa mtu anavyoteswa, halafu mnasema mnasoma kitabu?”

Shangazi alifundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Si mtu wa kujibiwa kwa mkato, na pale sebuleni sikumjibu. Nilimpa kiti, akakataa, akaenda zake jikoni kuchemsha chai. Naandika jibu sasa kwa sababu alichokisema hakukibuni yeye. Nimekisikia kwa walimu, kwa wachungaji, kwa wasomaji wazuri kunishinda, hata kwa mwandishi mmoja ambaye riwaya zake mwenyewe hazikosi maiti. Nao wote, kama Shangazi, hufunga mzigo mmoja wenye vitu vitatu: kwamba kusikiliza si kusoma, kwamba riwaya ya mauaji humzoesha mtu damu, na kwamba kuifanyia baraza ndiyo aibu kubwa zaidi, heri mtu ajifiche nayo chumbani.

Kwanza niseme kitabu chenyewe ni kipi. Ni riwaya ya kwanza ya Stieg Larsson, mwandishi wa habari wa Sweden aliyetumia miaka mingi kuchunguza makundi ya siasa kali za kibaguzi nchini mwake. Alifariki Novemba 2004, na riwaya ikatoka 2005 yeye akiwa kaburini. Wasomaji wa Kiingereza wanaijua kwa jina la The Girl with the Dragon Tattoo. Jina lake la Kiswidi maana yake ni “wanaume wanaowachukia wanawake”. Rekodi ya Kiingereza ni ya saa 16 hivi, nasi tunaisikiliza saa moja na nusu kila Jumamosi. Nakala ni moja, kainunua mwenzetu mmoja, na haitoki kwenye simu yake. Nalitaja hilo maana wako wanaodhani kushirikiana kitabu cha sauti ni kurushiana faili kwenye WhatsApp. Huo ni wizi, na simtetei mwizi hapa.

Sasa hoja ya kwanza, ya kwamba kusikiliza si kusoma.

Ina haki yake. Mwalimu aliyetumia maisha yake kumfundisha mtoto kupambana na ukurasa, kurudia sentensi ngumu, kufungua kamusi, ana sababu ya kuiogopa simu inayommiminia mtu hadithi naye amejilaza. Nakubali pia kwamba tahajia haiingii kwa sikio: anayesikiliza tu ataandika “hamna haja” na “hamna aja” bila kuona tofauti. Nakubali hata zaidi ya hapo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, David Daniel na William Woody, waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, wengine kwa maandishi, wengine kwa sauti. Katika jaribio lililofuata waliosikiliza waliachwa mbali na waliosoma. Anayetetea kusikiliza hana ruhusa ya kuuficha utafiti huo.

Lakini hauko peke yake. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake waliwapa watu wazima 91 sehemu za kitabu kimoja cha masimulizi ya kweli, kundi moja likisoma, jingine likisikiliza, la tatu likifanya yote mawili kwa pamoja. Waliulizwa maswali papo hapo, wakaulizwa tena baada ya wiki mbili, na makundi hayakutofautiana kwa maana yoyote. Mwaka 2019 Fatma Deniz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwaweka watu 9 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha hadithi na kuwasomesha hadithi zilezile. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia maana za maneno zilifanya kazi kwa namna inayokaribia kuwa moja, neno lipitie jichoni au sikioni.

Matokeo haya yanapatanaje? Naona ni kwa njia ya kawaida kabisa. Makala ya kitaaluma inadai urudi nyuma, utazame tena kile kifungu. Masimulizi yana kamba ya kumvuta mtu mbele. Tena mwenye vipokea sauti masikioni huku mikono iko kwenye sufuria au usukani, nusu ya kitabu inabaki barabarani. Kwa hiyo nampa Shangazi hili bila kinyongo: kusikiliza huku unafanya jambo jingine mara nyingi si kusoma. Ila ubovu huo ni wa umakini, na jicho nalo linaujua. Nani kati yetu hajawahi kufika chini ya ukurasa asijue amesoma nini?

Isitoshe, Shangazi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, na hapa namkumbusha kazi yake mwenyewe. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ulitungwa upate kughanwa watu wakisikiliza. Wengi walioujua hawakuwahi kuushika mkononi. Na ndani yake mna vita, mapanga na maiti kwa mamia ya beti. Sijamsikia mwalimu yeyote akisema hadhira ile ya Pate haikuijua fasihi.

Kitabu cha sauti cha leo nacho hakikuzaliwa na uvivu. Huko Uingereza huduma ya vitabu vya sauti ilianza Novemba 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Riwaya moja ilijaza santuri 10 hivi. Na miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kutolewa, kando ya Joseph Conrad, kilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, hadithi ya mtu aliyeuawa ndani ya chumba chake cha kusomea. Ninyi mliokisoma mnajua kwa nini kitabu hicho hasa kinanoga kikisomwa kwa sauti ya mtu mmoja; msiokisoma sitawaharibia. Je, askari yule kipofu alikisoma kitabu au hakukisoma? Anayejibu “hakukisoma” amwendee na kumwambia hivyo.

Hoja ya pili ni nzito, na nilipomwendea Shangazi jikoni ndiyo aliyoishikilia. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipa Mzimu wa Watu wa Kale nikiwa darasa la sita. Riwaya ile ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, nayo imesimama juu ya mauaji anayoyapeleleza Bwana Msa. Akanijibu huku anakoroga chai: “Bwana Msa anavuta kiko chake anafikiri. Hawa wenu wanachinja.”

Ni jibu zuri. Lilininyamazisha hadi chai ikapoa. Kuna riwaya zinazouza damu kama buchani, mwandishi akirefusha jeraha kwa sababu hana kingine cha kusema. Wapo pia wasomaji waliopitia ukatili wenyewe, ambao hakuna haki ya kuwaburuza kwenye kurasa hizo. Na watoto wasikae karibu na spika ile hata kidogo.

Pamoja na hayo, nauliza: kati ya aina hizo mbili, ni ipi inayochukulia kifo kwa wepesi? Katika riwaya ya fumbo, ninayoipenda kama Shangazi anavyoipenda, maiti ni swali la hesabu. Ukishamjua muuaji unafunga kitabu umeridhika, na aliyekufa huna habari naye. Larsson hakuruhusu hilo. Kila sehemu ya riwaya yake inafunguliwa na takwimu ya ukatili dhidi ya wanawake wa Sweden, ili msomaji asijidanganye kwamba ni mchezo wa kubahatisha. Unapofika kwa kijana Lisbeth Salander, anayedhulumiwa na mtu yuleyule ambaye sheria imemkabidhi ulezi wake, hutoki hapo umeburudika. Unatoka na hasira. Mtu aliyezoea damu hakasiriki.

Na hapa ndipo sauti inapoingia. Jicho lina ujanja: likiona aya inanuka damu linateleza, linatua kwenye mazungumzo ya ukurasa wa pili, nawe unajisifu umemaliza kitabu. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Sikio haliruki ukurasa. Msomaji wa rekodi anakwenda kwa mwendo wake, neno baada ya neno, na dakika nne za mateso ni dakika nne.

Charles Dickens aliligundua hili, tena kwa gharama kubwa. Oliver Twist ilikuwa imeshasomwa majumbani miaka 30 hivi, mauaji ya Nancy yamo, na watu wakinywa chai yao salama. Januari 1869 alianza kuyasoma mauaji hayo jukwaani kwa sauti yake. Wasikilizaji walizimia. Daktari wake alimpima mapigo ya moyo, ya kawaida yakiwa 72 kwa dakika, akayakuta yamepita 110 baada ya kumsoma Nancy. Jamaa zake walimsihi aache. Aliendelea mpaka 1870, akafariki Juni mwaka huohuo akiwa na miaka 58. Kisa kilikuwa kilekile cha kwenye karatasi. Sauti ilikirudishia uzito ambao macho yalikuwa yamekipunguzia, na aliyeulipia zaidi alikuwa mwandishi mwenyewe.

Wanaosema riwaya hizi hufunza uhalifu wana mfano wao wa siku zote, nami nitauleta mwenyewe. Mwaka 1961 Christie alitoa The Pale Horse, kitabu kinachoeleza sumu ya thali na dalili zake. Miaka 10 baadaye Mwingereza Graham Young aliwaua wafanyakazi wenzake kwa sumu hiyohiyo, na kitabu kikanyoshewa kidole. Young alikana kukisoma. Tuseme alidanganya. Mwaka 1977 mtoto mdogo aliletwa London kutoka Qatar, hali yake mbaya, madaktari hawajui anaugua nini. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa anakisoma The Pale Horse siku zile. Akaona nywele za mtoto zinapukutika, akakumbuka kitabu, akataja thali. Vipimo vikathibitisha, mtoto akapona. Sisemi kisa kimoja kinafuta kingine. Nasema sumu ilikuwa dunia hii kabla ya kitabu, na aliyeitambua ni aliyekuwa amesoma.

Imebaki ya tatu: kwa nini kusikiliza pamoja? Hapa sina utafiti, nina sebule yetu tu.

Anayesikiliza peke yake ana kidole chake, na kitufe cha kuruka sekunde 30 kipo. Akitaka atakimbia, akitaka atarudia sehemu ya kikatili mara tatu, na hakuna wa kumuuliza kulikoni. Sisi sita tuna kitufe kimoja. Anayetaka turuke lazima aseme, na akishasema lazima aseme kwa nini. Siku ya kisa cha Salander na mlezi wake, mwenzetu mmoja, nesi wa wodi ya wanawake, alinyanyua mkono akaomba tusimamishe. Tukasimamisha. Alikaa kimya kidogo, kisha akatueleza wanavyoingia wodini wanawake wanaosema wameteleza bafuni. Hakutaja jina wala siku. Mazungumzo yale yalimeza saa nzima iliyobaki, na wanaume wawili tulionao, wasemaji wakubwa, hawakusema neno. Wiki iliyofuata ni yeye huyo aliyesema, “Washeni, tuendelee pale tulipoachia.”

Chumbani peke yake angeruka sekunde 30, na sisi tusingejua chochote.

Ndiyo, kundi linaweza kuwa la wahuni wanaochekelea majeraha. Makundi hayo yapo, na hayahitaji riwaya. Video za ajali zinazosambazwa kwenye simu zinawatosha. Tofauti yake ni kwamba video ya ajali haikuambii marehemu alikuwa nani, alimpenda nani, na nani alinufaika na kifo chake. Riwaya inakaa na maswali hayo saa 16.

Shangazi hajakubali yote. Kuhusu damu bado anatikisa kichwa, na ana haki. Kuhusu kusoma amelegeza: juzi aliniuliza kama kuna mtu aliyeisoma Siri ya Sifuri, riwaya nyingine ya Bwana Msa, kwa sauti nzuri, maana macho siku hizi yanamchosha ifikapo jioni. Nikamwambia nitamsomea mwenyewe, na tumeanza.

Wengine mnaobisha, karibuni Jumamosi saa kumi jioni. Tunaomba mambo mawili tu: simu zizimwe, na watoto wabaki nyumbani.