Ndege ya Sumbawanga: tuambiwe bei yake kama mfuko wa mbolea

Utani wa ungo tumeuzoea. Ukijitambulisha darasani kwamba unatoka Sumbawanga, lazima atokee mmoja huko nyuma aulize umekuja na usafiri gani, maana inasemekana sisi anga letu halina nauli wala foleni. Tunacheka, yanaisha. Leo naomba tuongee kuhusu usafiri wa anga wenye nauli, tena wenye hasara, ambayo wewe na mimi na mkulima wa Namanyere tunailipa.

Mkataba wa kujenga upya uwanja wa ndege wa Sumbawanga ulisainiwa 2017, katika mradi uliobeba pia viwanja vya Kigoma, Tabora na Shinyanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mwaka 2024 bado tulikuwa tunasomewa asilimia za utekelezaji. Kuhusu ucheleweshaji huo wameshasema wengi. Mimi nina swali la baada ya utepe kukatwa: ndege ije mara ngapi kwa wiki, kwa nauli gani, na mapato yasipofika kwenye gharama nani anafidia?

Kwamba tunahitaji ndege, sidhani kama kuna ubishi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara: Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, unafika miguu imevimba. Mgonjwa aliyeshindikana mkoani anapelekwa Mbeya, na hiyo ni safari ya saa kadhaa. Tunashukuru lami ya Tunduma imepunguza mateso, ila umbali haujapungua hata hatua moja.

Kuhitaji ni jambo moja, kulipa ni jingine. Mashirika ya ndege duniani, hata mwaka ukiwa mzuri, hubaki na faida isiyofika dola 10 kwa abiria mmoja. Ndege inayofaa mikoa kama yetu ni Q400 ya ATCL, yenye viti 76. Tuseme inaondoka Sumbawanga na abiria 35. Mafuta ni yaleyale, rubani ni yuleyule, ada za uwanja ni zilezile. Ongeza kwamba mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, na jua likiwa kali inaweza kulazimika kupunguza mzigo. Kwa hiyo tuambizane ukweli mapema: safari ya Sumbawanga, angalau miaka ya mwanzo, ina uwezekano mkubwa wa kula hasara.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na mwenye ndege. Kwa mujibu wa ripoti za CAG, ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 35.2 mwaka wa fedha 2021/22, bilioni 56.6 mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Kila ripoti ikitoka, tunapigana vijembe wiki moja. Upande mmoja unasema shirika linafanya huduma, si biashara. Upande mwingine unasema ni uzembe mtupu. Wiki ya pili tunahamia kwenye mpira.

Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, na hilo ndilo tatizo. Chukua mfano wa bumu. Mzee anakutumia hela ya matumizi ya mwezi, kisha anapiga simu: mpe mdogo wako nauli, mpeleke shangazi hospitali, changia msiba wa jirani. Mwisho wa mwezi umeishiwa, anakufokea kwamba huna adabu na pesa. Una haki ya kulalamika. Lakini kama katikati ya mwezi ulinunua simu mpya na kuwanywesha washkaji soda, nauli ya mdogo wako imekuokoa. Utaitaja kila ukiulizwa. Bila kuandika kipi kilikwenda kwa shangazi na kipi kilikwenda kwa washkaji, mzee hawezi kukukamata na wewe huwezi kujitetea.

ATCL iko hapo. Ndani ya hizo bilioni 91.8 kuna safari ambazo Serikali inazitaka kwa sababu za kitaifa. Kuna bahati mbaya pia, kama injini za Airbus A220 zilizosumbua mashirika mengi duniani na kulaza ndege chini. Na kuna maamuzi mabovu ya kawaida kabisa. Vyote vimetiwa kwenye gunia moja na kushonwa mdomo.

Historia inaonyesha gunia hilo si la jana. Air Tanzania ilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa South African Airways. Ndoa ikavunjika 2006. Mwaka 2007 ikakodiwa Airbus kupitia kampuni ya Wallis Trading, ikaruka muda mfupi, ikapelekwa matengenezo nje ya nchi, na deni likaiganda Serikali kwa miaka. Kufikia 2016 shirika lilikuwa linaringia ndege moja inayoruka. Ndipo Rais Magufuli akaagiza Q400 mbili, zikatua Septemba 2016, na mkurugenzi mtendaji mpya akateuliwa mwezi huohuo. Soma tena mpangilio huo: ndege ziliagizwa na Serikali kabla ya mtu atakayeulizwa kuhusu biashara yake kukaa kitini. Zilizofuata, Boeing 787 ya Julai 2018 na nyingine, zilinunuliwa kwa mtindo uleule. Serikali inanunua, Wakala wa Ndege za Serikali unamiliki, ATCL inakodi na kurusha.

Kwenye mtindo huo, bodi ya wakurugenzi ina kazi gani hasa? Darasani tunafundishwa kwamba bodi hupanga mkakati, humwajiri mtendaji mkuu, na humwondoa akishindwa. Kwa ATCL, mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu wote huteuliwa na Rais, na aina ya ndege imeshaamuliwa juu. Bodi haikuchagua ndege wala haikuchagua mtendaji. Ukiikalia kooni kuhusu hasara, ina jibu tayari.

Umiliki huo una gharama nyingine. Agosti 2019 ndege ya A220 ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kwa sababu mkulima mmoja alikuwa anaidai Serikali fidia. Mwaka 2022 nyingine ikakamatwa Uholanzi, safari hii kwa deni la mradi wa sukari wa Bagamoyo. Shirika halikuwa na kesi na yeyote kati yao. Lakini ndege ni mali ya Serikali, na mdai wa Serikali hachagui.

Wapo watakaosema dawa ni kuliuza au kulifunga. Sikubaliani nao. Ethiopian Airlines ni ya serikali na ni kubwa kuliko zote Afrika. Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, KLM ikaingia, na bado imekula hasara kwa miaka mingi. Fastjet ya binafsi ilikuja kwetu 2012 na nauli za kutupwa, mwisho wa 2018 ikasimama. Na hakuna mwekezaji wa binafsi atakayeleta ndege Sumbawanga kwa mapenzi ya Wafipa.

Mimi napendekeza kitu ambacho Ufipa wanakijua tayari: mbolea ya ruzuku. Mwaka 2022 Serikali ilipoanzisha ruzuku, mfuko wa DAP ulitangazwa kwa shilingi 70,000 wakati bei ya soko ilikuwa inapita 130,000. Mkulima wa Laela alijua analipa ngapi, na Serikali ilijua inaongezea ngapi. Mapungufu yalikuwepo, foleni zilikuwepo, lakini bei ya huruma ya Serikali ilikuwa wazi kwa kila mfuko. Aliyetaka kuhoji alikuwa na namba ya kuanzia.

Tiketi ifanyiwe hivyohivyo. Serikali iseme: tunataka Sumbawanga, Mpanda na miji mingine kadhaa ifikiwe mara tatu kwa wiki, nauli isizidi kiasi fulani. Isaini mkataba wa huduma na shirika, miaka mitatu au minne, fidia ya kila safari ijulikane na ipitishwe bungeni kwenye bajeti. Norway, nchi ya milima na visiwa, hutangaza zabuni kwa njia ndogo za namna hii, na mkataba unataja idadi ya safari na ukomo wa nauli. Marekani wana mpango wa kulinda usafiri wa ndege wa miji midogo tangu 1978, walipoyaachia mashirika yao yajipangie nauli. Huo si ujamaa wala ubepari, ni kuandika tu ulichoagiza.

Hasara itakayobaki baada ya hapo, ile isiyohusiana na shangazi, ni ya menejimenti na bodi. Lakini ili waulizwe, wapewe mamlaka: bodi imwajiri mtendaji kwa ushindani, na ndege mpya isinunuliwe bila bodi kuweka hadharani sababu za kibiashara.

Najua pingamizi litakalonisumbua zaidi, na linatoka nyumbani. Mama anayeuza ulezi Matai hatapanda hiyo ndege mwaka huu wala ujao. Kwa nini kodi ya sabuni yake imlipie nauli ofisa anayekwenda semina Dodoma? Ni swali halali, na jibu lake linaweza kuwa kwamba fedha hiyo iende kwenye magari ya wagonjwa ya Kalambo na Nkasi kwanza. Siliogopi jibu hilo. Ninachokiogopa ni kwamba kwa mtindo wa sasa swali lenyewe haliwezi kuulizwa, kwa sababu hakuna anayejua kiti cha Sumbawanga kinatugharimu ngapi. Mama analipa bila kuulizwa, na sisi tunapiga makofi ndege ikitua.

Na ndege inayokuja kwa hisani huondoka kwa hisani. Ikija kwa sababu kiongozi kaahidi jukwaani, itapunguzwa kimyakimya ndege zikiwa chache au uchaguzi ukishapita. Ikija kwa mkataba wenye tarehe na bei, tutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, hasa wa uhasibu, sheria na utawala wa biashara: ripoti ya CAG ikitoka tena, tusiishie kwenye kichwa cha habari. Tufungue ukurasa wa ATCL, kisha tuwaandikie wabunge wetu swali moja la kuuliza kwa Waziri wa Uchukuzi: katika hasara hiyo, kiasi gani ni huduma mliyoiagiza ninyi, na kiasi gani ni biashara iliyoshindwa? Wakijibu kwa namba, hata namba mbaya, tutakuwa tumepiga hatua. Na wale wa nyuma darasani waendelee na utani wao. Ungo angalau hauna ripoti ya CAG.