Hadithi ya Dakika Tatu



Mwezi uliopita mmoja wetu alimpeleka mtoto kliniki. Alitoka nyumbani saa 1 asubuhi, akarudi saa 7 mchana. Tulipomwuliza alifanya nini muda wote huo, alicheka akasema alihesabu vigae vya ukutani. Mkobani alikuwa na kitabu cha hadithi alichokianza kabla hajajifungua mtoto huyo, na alama bado imekaa ukurasa wa 19. Hakukitoa. "Ningekianza tu, mtoto angelia au tungeitwa," alisema. "Kitabu kinataka mtu aliyetulia."

Tulimwelewa. Wengi wetu tulipokuwa wasichana tuliazimana vitabu mpaka majalada yakachanika. Kisha tukaolewa, watoto wakaja, na kusoma kukawa jambo la "nikipata nafasi". Nafasi yenyewe haiji ikiwa nzima. Huja vipande vipande: maharage yakiwa jikoni, daladala ikingoja abiria, mtoto akinyonya. Ndiyo sababu mwezi huu tunataka kuwasimulia habari za wachapishaji wadogo wa huko Ufaransa ambao waliviangalia vipande kama hivyo vya muda, wakaona kwamba vinatosha hadithi.

Wachapishaji hao, Short Édition, walianza kazi mwaka 2011 katika mji wa Grenoble, karibu na milima ya Alps. Walitoa hadithi fupi sana na mashairi, nyingi zikiwa kazi za watu wasiojulikana, na mwanzoni zilisomwa kwenye kompyuta na simu. Siku moja watu wa ofisi hiyo walikuwa wamesimama mbele ya mashine ya kuuzia vinywaji na chokoleti. Wakaulizana: ikiwa mashine inaweza kumpa mtu chokoleti ya kupitishia muda, kwa nini isimpe hadithi?

Mwezi Oktoba 2015 mashine 8 za hadithi ziliwekwa mjini Grenoble, mahali ambapo watu hupita na kungoja, kama vile jumba la halmashauri ya mji na ofisi ya watalii. Kila mashine ilikuwa na vitufe vitatu: dakika 1, dakika 3, na dakika 5. Mtu akibonyeza kimoja, inatoka karatasi nyembamba ndefu kama risiti ya dukani, nayo ina hadithi kamili. Msomaji halipi chochote. Wala hakuna wino ndani, kwa kuwa maandishi huchapwa kwa joto. (Karatasi ya namna hiyo ikiachwa juani hufifia, kama risiti zetu zinavyofifia tukizihitaji.)

Sisi tuliyapenda zaidi maswali ambayo mashine hiyo haiulizi. Haikuulizi umesoma mpaka darasa la ngapi. Haikuulizi kama unapenda hadithi za mapenzi au za upelelezi; utapata itakayotoka, hata kama kwa hiari yako usingeichagua. Inauliza tu una dakika ngapi, na swali hilo hata mwenye mtoto mgongoni analo jibu. Tena hadithi ile ina mwisho. Jamani, hilo si jambo dogo! Vyombo tukiviosha leo, kesho ni vichafu. Nguo hali kadhalika. Mwanamke anayemaliza kitu, hata kama ni hadithi ya dakika tatu, amekimaliza, na hakuna atakayekuja kukichafua.

Wazo hilo halikubaki Grenoble. Mashine zilifika kwenye vituo vya reli vya Ufaransa, na mwaka 2016 Francis Ford Coppola, yule mtengenezaji wa filamu, aliweka moja katika mkahawa wake huko San Francisco, Marekani. Mwaka 2019 zilifika Canary Wharf, mtaa wa maofisi mjini London, na mwandishi Anthony Horowitz akaandika kwa ajili yake hadithi ya upelelezi ya kusomwa kwa dakika moja. Hebu fikiri, mauaji na mshitakiwa wake ndani ya dakika moja.

Wapo watakaosema kwamba huko si kusoma. Hatuwapingi moja kwa moja. Riwaya nzuri hukaa na mtu kwa wiki nzima, akimenya viazi huku akimfikiria yule binti wa sura ya nne. Hadithi ya dakika moja haiwezi kazi hiyo. Na karatasi nyingine bila shaka ziliishia pipani. Lakini karatasi haikuletei ujumbe wa kamati ya harusi ukiwa katikati ya sentensi, na ukiisha kuisoma unaweza kumpa aliyekaa karibu nawe.

Mashine za namna hiyo ni ghali na sisi hatuna. Basi tuliandika hadithi moja aliyokuwa akisimulia bibi ya mwenzetu, ikaenea ukurasa mmoja, tukaitoa nakala 5. Yule mama wa kliniki alizichukua safari iliyofuata. Nakala ya kwanza, anasema, ilitumika kumfuta mtoto aliyetapika. Ya pili mama mmoja alimsomea jirani yake asiyejua kusoma, na benchi zima likanyamaza kusikiliza. Mbili zilizunguka mikononi mwa watu mpaka hakujua ziko wapi. Ya mwisho alikuwa nayo msichana mwenye mimba yake ya kwanza. Alipoitwa ndani alikuwa hajafika mwisho. Akasimama, akaikunja, akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani.