Tunanunua Alfajiri, Watoto Tunawaamsha Gizani

Waungwana, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, msinilaumu. Nilikuwa likizo nyumbani Mbuji, wilaya ya Mbinga, kwa bibi yangu. Julai! Asiyeijua Julai ya Umatengo awaulize walioionja. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, ukungu unalala juu ya mibuni na mashimo ya ngoro, na hata lile Jiwe la Mbuji, pamoja na ukubwa wake wote, kuna asubuhi hulioni. Nimerudi Dar na hasira, na leo naitoa yote.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye saa. Mwaka jana nilijinunulia saa ya mezani yenye taa. Unaitegea muda wa kuamka, na nusu saa kabla ya hapo taa inaanza kuwaka polepole: nyekundu hafifu, halafu rangi ya chungwa, halafu nyeupe, mpaka unadhani jua limechomoza juu ya kabati. Sitaki unafiki, inafanya kazi. Mimi naishi mbali na ofisi, na foleni za Dar hakuna asiyezijua, kwa hiyo naamka saa 10:30 alfajiri. Zamani mlio wa simu ulikuwa unanigutusha kama mtu aliyemwagiwa maji. Siku hizi naamka taratibu, na hata konda akinibananisha kwenye daladala sina ugomvi naye.

Wala si uchawi. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni usiku au mchana. Mwanga ukiingia, mwili unapunguza melatonini, ile homoni ya usiku inayotuandaa kulala. Habari ya saa iliyomo mwilini ni nzito kiasi kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 walipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Kwa hiyo anayeamshwa gizani na akahisi kama anang'olewa kitandani si mvivu. Mwili wake bado uko usiku.

Basi bwana, nikaitia saa yangu kwenye begi, nikasafiri nayo mpaka Mbuji. Ndiyo, najua, ni ushamba wa mjini huo.

Nililala chumba kimoja na mdogo wangu, mtoto wa mjomba, yuko darasa la sita. Nikaitegea saa 12:30, maana si nilikuwa likizo? Saa 12:00 taa ikaanza kuwaka ule wekundu wake. Nikafumbua jicho moja. Dogo alikuwa ameamka zamani, amenawa uso kwa maji ya baridi, amevaa sweta, ameshika begi na fagio la chelewa. Anatakiwa kuwa shuleni kabla ya saa moja, kuna kufagia uwanja na kuna mchakamchaka, na kutembea peke yake ni dakika arobaini na tano. Akaitazama taa, akanitazama mimi, akauliza: "Kaka, hiyo inamdanganya nani?"

Nikacheka. Akafungua mlango akaondoka. Nje giza totoro na ukungu. Mimi mtu mzima, mwenye shahada yangu, niko chini ya blanketi mbili naogeshwa na alfajiri ya kununua, na mtoto wa miaka kumi na miwili anatembea gizani kwenye njia yenye utelezi kwenda kufagia. Usingizi ukaniruka.

Nikaanza kupiga hesabu. Katikati ya Julai, Dar es Salaam jua linachomoza kama saa 12:35 asubuhi. Mbuji je? Karibu saa 1:00 kamili! Na hapo sijahesabu milima. Sababu si ngumu. Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki. Chukua ramani uutafute. Unapita Somalia, unapita Madagaska, haukanyagi hata shamba moja la Tanzania. Dar iko kwenye nyuzi 39 hivi, Mbinga kwenye nyuzi 35. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo Mbinga jua liko nyuma ya saa ya ukutani kwa kama dakika arobaini mwaka mzima, na ikifika Julai, siku zinapokuwa fupi, ndiyo kabisa.

Sasa teremka mpaka Mbamba Bay, simama ufukweni, utazame ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kule Nkhata Bay ni Malawi. Jua ni lilelile, ziwa ni lilelile, lakini saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Julai jua likichomoza, wao wanasoma saa 12 na dakika chache, sisi tunasoma saa moja. Wakigonga kengele saa moja na nusu ya kwao, watoto wao wameota jua karibu saa moja na nusu. Wetu kwa saa hiyohiyo ya ukutani wameota nusu saa tu, na giza lote walilitembelea njiani.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi ndio tunaozungumza lugha inayohesabu saa kwa jua. Mzungu anaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wote wakiwa wamelala. Mswahili alianza kuhesabu jua likichomoza, ndiyo maana saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mbuji mwezi Julai hiyo saa ya kwanza haipo. Saa moja ndiyo jua linachungulia. Kwa hesabu ya wazee, mtoto yule anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Taa kama yangu ina kwao. Mwaka 2010 kampuni ya Philips ilizipeleka Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia, zikajaribiwe na wakazi wa kule. Mji ule majira ya baridi jua halichomozi kwa miezi. Mtu wa kule akinunua alfajiri namwelewa, hana nyingine. Sisi tuna jua kila siku ya Mungu, mwaka mzima. Mapema Novemba pale Mbuji linachomoza saa 12 na dakika kama nane tu. Alfajiri tunayo. Tumejipangia ratiba ya kuikimbia, halafu wenye mshahara tunajinunulia ya plastiki, na wasio na mshahara tunawaambia wazoee.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema: "Sisi tuliamka hivyohivyo na tumesoma." Kweli, na wangapi mliosoma nao mmewaacha njiani? Wanaochelewa wanapigishwa magoti au wanachapwa, na baadhi wakishachoka kuchapwa wanaacha kabisa. Hapa nakiri kosa langu. Niliwahi kuandika habari gazetini nikiisifu shule moja kwa kufunga geti saa moja kamili, eti ni nidhamu. Sikuuliza ni mwezi gani, wala watoto wanatoka umbali gani. Mhariri aliipenda, ikapewa nafasi nzuri. Leo naona haya.

Wa pili atasema nchi moja, saa moja. Nakubali! Sitaki Ruvuma iwe na saa yake. Nazungumzia kengele ya shule, ambayo inagongwa na mtu kwa mkono. Marekani chama cha madaktari wa watoto kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2019, na tangu Julai 2022 shule zake nyingi za sekondari ya juu haziruhusiwi kuanza kabla ya saa hiyo. Hawakugusa saa ya nchi, walisogeza kengele. Na hao wana mabasi ya shule!

Wa tatu, huyu namheshimu zaidi, ni mzazi wa kijijini: "Mtoto akichelewa kutoka shule, kazi za nyumbani atafanya nani?" Mzee wangu, Julai pale Mbuji jua linazama kama saa 12:30 jioni. Nusu saa iliyosogezwa asubuhi bado inaacha mwanga wa kutosha kwa kuni na maji. Na kama nusu saa nayo ni nyingi, basi tuanze na ufagio. Uwanja ufagiliwe mchana, jua likiwa juu. Ni sheria gani ya elimu inayosema vumbi lazima liondolewe gizani?

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye shule za milimani na za mwambao wa Nyasa, shule zikifunguliwa Julai mpaka mwisho wa Agosti, mtoto asitakiwe shuleni kabla jua halijamaliza nusu saa angani. Halihitaji mfadhili, halihitaji mradi, halina semina wala posho. Pengine ndiyo maana halijafanyika.

Saa yangu nimerudi nayo Dar, na kesho saa kumi itaanza kuwaka kama kawaida, sitawadanganya kwamba nimeitupa. Lakini kila ikianza ule wekundu wake namkumbuka dogo na fagio lake. Wenye mamlaka ya kengele mnajijua. Isogezeni.

Nimesema.