Asilimia 99 ya nini?

Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Leo siandiki kuhusu programu, ingawa kwangu ni mambo yale yale.

Dada yangu ni mjamzito. Juzi alinitumia majibu ya kipimo cha damu: "hatari kubwa", huenda mtoto amepungukiwa na kipande kidogo cha kromosomu. "Wewe ulisomea tarakilishi, nielezee. Wameniambia usahihi ni asilimia 99." Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu, nakiri. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba DNA ya mtoto aliye tumboni huelea katika damu ya mama, na tangu 2011 maabara zinauza kipimo hicho. Kwa hali ya Down kinafanya kazi vizuri. Kwa hali adimu, jamani, pigeni hesabu. Tuseme hali inampata mtoto 1 kati ya 10,000, na kipimo kinakosea mara 1 tu kwa kila watoto wazima 1,000. Pima akina mama 10,000: utampata yule 1, na wengine kama 10 utawatisha bure. Kati ya 11 walioambiwa "hatari kubwa", 10 wana watoto wazima! Aprili 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya watu wasifanye uamuzi kuhusu mimba kwa kipimo hiki peke yake.

Mimi nikiandika programu inayopiga kengele hivyo, bosi ataizima kabla ya chai ya saa nne.

Sipingi kupima. Mzazi akijua mapema hujiandaa, huchagua hospitali ya kujifungulia. Napinga kumuuzia mtu jibu bila hesabu na bila mshauri, tena hapa Kenya, ambako Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinataja dharura na uhai au afya ya mama, si hali ya mtoto. Maabara ilazimishwe kuandika kwenye karatasi: kati ya waliopata jibu kama lako, ni wangapi kweli watoto wao wana hali hii?

Maana shemeji ameshaanza kuuliza ukoo wetu una "damu" gani.

Dada akifika wiki ya 16 atatolewa maji ya mimba kwa sindano ili kuthibitisha. Nimeomba ruhusa kazini nimpeleke.