Kabla ya Jezi, Kiwanja: Barua kwa Watu wa Matemwe

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na wanangu wa Matemwe, kuanzia Kigomani hadi Mbuyuni na Kijini:

 Siku hizi tukikutana huku London, iwe harusini au hitmani, mazungumzo huishia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania wataliandaa pamoja. Watu wanaulizana habari za tiketi na nauli. Mimi nimeona niwaandikie mapema, maana nina ombi, na ombi lenyewe linahitaji maelezo.

Nyinyi vijana hamkuzikuta zama za siasa. Na mimi sikuzikuta, ila nimelelewa na watu walioziishi. Kati ya uchaguzi wa 1957 na ule wa 1963 Unguja iligawika hata watu wakasusiana maduka, mabasi na mazishi. Bibi yangu alikuwa akinihadithia habari za majirani walioacha kuzikana kwa sababu ya chama, na kila akifika hapo sauti yake ilikuwa ikishuka. Fujo za Juni 1961 ziliua watu 68. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, Muungano tarehe 26 Aprili. Katika miezi minne na nusu nchi iligeuka mara tatu, na watu walewale waliokuwa hawazikani wakatakiwa waitane ndugu.

Anayesema kwamba michezo iliwaunganisha watu wakati ule, naomba asiseme kwa wepesi. Mpira ulikuwamo ndani ya ugomvi wenyewe. African Sports Club ya miaka ya 1930 ilikuwa na mkono katika kuzaliwa kwa African Association mwaka 1934, na hiyo nayo ikawa mzazi mmojawapo wa chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Pale kiwanja cha Mnazi Mmoja, mjini, kijana wa mtaa wa Ng'ambo aliweza kumpiga chenga Mzungu aliyekuwa akimwamrisha asubuhi ofisini, na watu waliokuwa pembeni wakaondoka na fikra mpya vichwani. Basi mpira una nguvu ya kukusanya watu, na nguvu hiyohiyo inaweza kuwapanga upande huu dhidi ya upande ule. Inategemea nani anaushika na anautakia nini.

Serikali mpya ililijua hilo. Mwaka 1970 Uwanja wa Amaan ulifunguliwa kwa msaada wa Wachina, na watu wa shamba wakawa na sababu ya kupanda gari kwenda mjini ambayo haikuwa hospitali wala mahakama. Upande wa Bara, taifa changa lilikuwa likijitazama kwa wakimbiaji wake. Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City, akaingia uwanjani jua limeshazama, wa mwisho kati ya waliomaliza, na alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma amalize. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akakimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand akimfuata kwa nyuma asimpate. Zanzibar wakati huo ilikuwa na miaka kumi tu tangu Mapinduzi. Kwa watu waliozoea kuambiwa na wakoloni kwamba hawajawa tayari, kumwona mwenzao anaongoza mbio kuanzia hatua ya kwanza bila kumsubiri mtu kulikuwa na maana ambayo hotuba haifikii.

Lakini mimi taifa nililisikia kwa masikio yangu mwaka 1995.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka ule. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa Oktoba, na Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. Kijijini kwetu kulikuwa na baraza mbili, na aliyekaa hii hakukanyaga ile. Mwisho wa mwaka huohuo Zanzibar ikaenda Uganda kucheza Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ikalitwaa kombe hukohuko. Mimi nilikuwa dirishani, maana msichana hakukaa barazani kusikiliza redio na wanaume. Nilichokiona hakikuwa kikubwa: baba mmoja wa baraza ile ya pili alikuja akasimama karibu na redio ya baraza ya kwanza, kwa kuwa betri za redio yake zilikuwa zimekwisha, na mtu akasogea kumpa nafasi. Hakuna aliyesema neno. Bao lilipoingia walishikana mikono.

Disemba 2017 hali ile ikajirudia, na mara hii nilikuwa huku. Mnajua tulivyokuwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, wa Machi 2016 ukafanyika upande mmoja ukiwa umesusa, na kususiana kule kwa zamani kukarudi madukani na misibani. Kana kwamba haitoshi, Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama wake wa 55, tukasherehekea, na Julai ikatuondoa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili vya mpira. Vilabu vyetu vinacheza mashindano ya Afrika, timu yetu ya Zanzibar haichezi. Jeraha hilo halijapona, na sioni aibu kulisema.

Basi timu hiyohiyo iliyofungiwa mlango ikaenda Kenya kucheza Chalenji na kocha Hemed Suleiman, mnayemwita Morocco. Ikaifunga Rwanda, ikaifunga Kilimanjaro Stars ya Bara mabao mawili kwa moja, ikamtoa bingwa mtetezi Uganda katika nusu fainali. Siku ya fainali ya Machakos tulijazana katika fleti moja mashariki ya London, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, watu wazima wameinamia kioo cha ukubwa wa kiganja. Walikuwamo wanaume wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tangu uchaguzi ule. Dakika ya 87 Khamis Mussa aliposawazisha, walikuwa wameshakumbatiana kabla hawajaangalia wamemkumbatia nani. Kenya wakapata la pili katika muda wa nyongeza, Khamis Mussa akasawazisha tena, na penalti zikatunyima kombe, tatu kwa mbili. Tulilia pamoja. Wale wawili wanasalimiana hadi leo.

Kocha yuleyule, tarehe 19 Novemba 2024, aliiongoza Taifa Stars kuifunga Guinea bao moja kwa bila pale Uwanja wa Mkapa na kuipeleka AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika. Mzanzibari kwenye benchi, Msuva mfungaji, Bara na Visiwani wote wanapiga honi. Nasikia fahari kubwa kila nikilikumbuka.

Hata hivyo nawaambia ukweli wangu: furaha ya kombe ina muda wake. Baada ya 2017 ulikuja uchaguzi wa 2020, na vilio vyake mnavijua kuliko mimi. Wachezaji walituonyesha kwamba inawezekana, kisha sisi tukarudi tulikotoka, kwa sababu siku baada ya siku hatukuwa na mahali pa kuwa pamoja. Wale wanaume wawili wa London wameendelea kwa kuwa tangu siku ile wanafundisha watoto mpira kila Jumamosi katika bustani moja, na kazi hiyo haifanyiki na mtu usiyesema naye.

Tazameni Sudan Kusini, taifa changa kuliko yote katika Afrika. Ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kesho yake timu yake ya mpira ilikuwa uwanjani Juba ikicheza na Tusker ya Kenya. Timu yao ya mpira wa kikapu, chini ya Luol Deng, ilikusanywa kwa vijana wengi waliokulia ukimbizini, ikafika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79, wakati nyumbani kwao hakukuwa na uwanja wa ndani wa mchezo huo. Naipenda timu ile kwa moyo wote. Lakini mimi niishiye mbali najua kwamba ughaibuni tunaweza kuwapatia timu. Mahali pa watoto wenu kukutana mtapaweka nyinyi.

Na mahali hapo panapungua. Maji yakitoka Matemwe, mchanga ni mpana, watoto wanasimika miti miwili huku na miwili kule, mpira ukienda mbali unaingia kwenye mashamba ya mwani na mama zao wanapiga kelele, na mechi inakwisha bahari ikirudi kuchukua goli moja. Hivyo ndivyo wengi wenu mlivyojifunza. Sasa ufuo mzima unaotazama kisiwa cha Mnemba umejaa hoteli. Sizipingi, zinalisha nyumba nyingi, pamoja na yetu. Ila tangu Mapinduzi ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, anayetaka kuitumia hupewa haki kwa karatasi, na kiwanja cha mpira kisicho na karatasi, mbele ya mtu mwenye ramani, huonekana ni pahala patupu.

Ombi langu ndilo hili. Kila mwaka sisi wa huku tunachanga, tunatuma jezi na mipira. Safari hii tumekubaliana fedha zote ziende kwenye kupima kiwanja cha upande wa juu wa barabara, kiwekewe mawe ya mipaka, na kiombewe hati kwa jina la kijiji, kwa kupitia kwa sheha na wilaya. Kamati itakayosimamia iwe na mwenyekiti kutoka chama hiki na mshika fedha kutoka chama kile, na wote wawili watie saini kila shilingi inapotoka. Mgombea akitaka kuja kupiga mpira wa kufungua mechi, karibu. Bendera aiache garini.

Jambo la pili ni la mabinti. Mjini, Nassra Juma Mohammed na wenzake wa Women Fighters walicheza miaka na miaka huku wakitukanwa, wakavaa wanavyoona ni stara, wakasali, wakarudi uwanjani. Nataka wasichana wa Matemwe wapewe jioni mbili kwa wiki katika kiwanja hicho, na mwalimu wa kike kutoka skuli awasimamie. Lisiachwe kuwa fadhila: jioni hizo ziandikwe katika kanuni za kiwanja. Mimi nilisikilizia kombe dirishani. Binti wa ndugu yangu ana miaka kumi na mmoja na ana mguu wa kushoto ambao nimeuona kwenye video mnazonitumia.

Mkutano ufanyike kabla ya Ramadhani, baada ya sala ya Ijumaa, na kina mama waitwe. Nitumieni kumbukumbu zake na makisio ya mpimaji. Akija na bei kubwa, nileteeni bei ya mwingine pia, tulinganishe.


Dada na shangazi yenu, London