Tusilipie kisu tu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu, hapa Bunia moyo haupasuliwi. Mwenye makuta anavuka mpaka Kampala, kwa Uganda Heart Institute kule Mulago. Sisi tunachanga, kidonda kinapona, tunasema imeisha.

Haijaisha! Mtu anaamka na mpira kooni, hawezi kusema, mashini zinalia usiku kucha. Wengine wanachanganyikiwa siku kadhaa, wanaona watu wasiokuwapo. Familia inasema amerogwa. Hapana, waganga wanaijua hali hiyo. Na kwa mtu aliyewahi kufunikwa na udongo shimoni, ao kukimbia risasi Djugu, woga wa zamani unaweza kurudi wote.

Dawa kubwa hapo iko kwa muuguzi: kumueleza mgonjwa mbele ya operesheni ataamka namna gani, kumuita kwa jina, kumukumbusha leo ni siku gani, kumuacha alale, kuruhusu mke amushike mkono. Hiyo inakula makuta ngapi?

Kwa hiyo tunadai: kampuni na koperative, mkilipia operesheni, lipieni na safari ya mtu wa kumulinda mgonjwa. Na wauguzi wa Bunia, akirudi, muulizeni analala namna gani, si kidonda tu.