Mdudu hajazuia mafuta

Wanaolalamika kwamba mdudu anakwamisha visima vya mafuta vya Oklahoma wanakuza mambo. Mbawakawa huyu mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa huzika mzoga wa ndege au panya, kisha dume na jike hulea watoto wao hapohapo. Zamani alienea katika majimbo 35 ya Marekani. Mwaka 1989 akatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Greda na uchimbaji wa mtaro wa bomba la mafuta hufukua udongo alimojificha. Basi kampuni ya mafuta itege ndoo zenye nyama iliyooza ijue kama yupo, na ikimaliza kazi irudishe udongo wa juu na nyasi. Hiyo ni gharama ya kazi kama dizeli ya greda. Mdudu huyu kushushwa daraja la hatari mwaka 2020 kusiwe kisingizio cha kulegeza kamba.